Upande Mmoja wa Uso Wangu

Mama ndiye aliyeuona mstari kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo, nami nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu pale Didia, ananinyoa kwa wembe ili kesho yake nirudi shule na kichwa safi. Wembe ukasimama. Mama akanigeuza uso upande wa jua, akapitisha kidole gumba kutoka kwenye nywele hadi juu ya unyusi wa kushoto.

"Nani kakupiga hapa?"

Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena kwa sauti ya ukali, kwa kuwa mtoto aliyepigana huficha. Nikasema tena hakuna. Hakikuwa kidonda wala kovu. Ngozi ilikuwa imebonyea tu na kugeuka rangi, kama ugali uliopitishwa kidole kabla haujapoa. Mama akaupaka samli mstari ule, akaendelea kunyoa.

Nilikuwa darasa la nne. Nilipofika darasa la sita, ile samli ilikuwa imeshindwa, na dawa za zahanati za kupaka zilikuwa zimeshindwa pia. Mstari ulikuwa umeteremka, na shavu la kushoto lilikuwa linaisha polepole, kama sabuni. Mfupa ukajitokeza, jicho likazama, pembe ya mdomo ikavutwa juu kidogo, hivi kwamba hata nikikasirika nilionekana ninacheka upande. Shavu la kulia lenyewe liliendelea kunawiri, maana nilikuwa mtoto mwenye afya, nakula vizuri. Wenzangu shuleni wakasema nina nyuso mbili, mmoja wa msichana na mmoja wa bibi kizee. Walikuwa wanatania. Utani huo ulifika masikioni mwa watu wazima, na huko ukageuka kitu kingine.

Bibi kizee wa kweli tulikuwa naye nyumbani. Alikuwa mama yake baba, na mimi nililala katika nyumba yake ndogo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwetu, mjukuu wa kike hulala kwa bibi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, mkali kwa mtu anayepoteza chakula. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi waliopikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu maisha yao yote. Kwa mtu mwingine, macho mekundu ni moshi tu. Kwa mjane mzee, Usukumani, yanaweza kuwa ushahidi wa uchawi.

Siku niliyoanguka mara ya kwanza tulikuwa tunachuma pamba. Nakumbuka mkono wangu wa kulia ukaanza kucheza wenyewe. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwita bibi, ulimi ukakataa. Baada ya hapo sijui kitu, mpaka nilipofumbua macho na kumwona bibi juu yangu, kichwa changu kwenye mapaja yake, ananifuta povu kwa ncha ya khanga. Nguo yangu ilikuwa imelowa mkojo. Watu wote waliokuwa shambani walikuwa wamesimama mbali. Kwetu wengi waliamini kifafa kinaambukiza, kwamba ukigusa povu la mgonjwa, na wewe utaanguka. Hata mama alisimama mbali, amemkumbatia mdogo wangu, analia.

"Tulia, ng'wana wane," bibi aliniambia. Mwanangu, tulia. "Umechoka tu. Pumzika."

Ni yeye peke yake aliyenigusa. Kwa akili ya kawaida, jambo hilo lingemsafisha. Lilimponza. Watu walijiuliza kwa nini yeye haogopi.

Baba mkubwa, kaka yake baba kwa mama mwingine, ndiye aliyekwenda kwa mganga. Aliporudi aliwaita ndugu nyumbani kwetu mchana, baada ya chakula. Walikaa wanaume kwenye viti, wanawake chini. Mimi niliambiwa nikae katikati ili wanione. Baba mkubwa hakupandisha sauti. Alisema uso wa mtoto unaliwa, na kila mtu anaona. Alisema unaliwa upande mmoja kwa kuwa anayekula hana haraka. Kisha akasema anayekula analala na mtoto chumba kimoja.

Hakuna aliyemtazama bibi. Ndivyo nilivyojua kwamba wote walishazungumza kabla.

Bibi akanigeukia mimi, si wao. "Mjukuu wangu, nimewahi kukufanya nini?"

"Ananipaka mafuta," nikasema. "Ananipikia matobolwa. Nikianguka ananishika."

"Mtoto kafungwa mdomo," baba mkubwa akasema. "Atasema nini kingine?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna ukucha wa mguu kwa kijiti. Nikamwomba kwa macho aseme neno. Hakusema. Nimeishi na baba yangu vizuri baada ya pale, nimemwona akifanya mambo mengi ya kiume na ya huruma, lakini kile kijiti nakiona hadi leo.

Bibi hakungoja waamue. Katika nchi yetu ajuza wamewahi kukatwa mapanga kwa maneno mepesi kuliko yale, naye alijua. Asubuhi ya pili yake alifunga nguo zake kwenye khanga, akasema anakwenda kwa mdogo wake wa kiume, Ushetu, huko wanakolima tumbaku. Baba alimpeleka kwa baiskeli hadi kituo cha mabasi. Mimi niliwafuata hadi kwenye majaruba ya mpunga. Bibi akageuka, akanipungia mkono nirudi. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ya kawaida, kama anayekwenda mnadani, "Usilale upande wa baridi."

Shavu liliendelea kuisha.

Hilo watu waliliona, lakini hakuna aliyelisema. Bibi ameondoka, mvua zimepita, mavuno yamepita, na uso wangu unapungua vilevile, na kuanguka ninaanguka vilevile. Baba akapanda basi kwenda Ushetu kumrudisha. Alirudi peke yake. Aliniambia bibi alimpokea, akamchinjia kuku, kisha akamuuliza swali moja: "Nikirudi, mtoto akianguka tena, watasema nini?" Kuanzia hapo baba alikwenda kila baada ya mavuno, akampelekea mchele, na kila mara alirudi peke yake.

Maumivu yalikuja baadaye, nikiwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimeshahamia Kahama, Nyasubi, najifunza cherehani kwa mama mdogo, dada yake mama. Asubuhi moja napiga mswaki, nikasikia kitu kimepita kwenye shavu la kushoto kama waya wa umeme uliochunwa. Kikapita, kikaondoka. Nikabaki nimeshika beseni, siwezi hata kupiga kelele. Nilidhani ni jino. Daktari wa meno naye alidhani ni jino, akaling'oa. Umeme ukarudi. Akang'oa la pili. Meno yenyewe yalikuwa mazima. Niliyaona kwenye kisahani, meupe, na mizizi yake.

Ni vigumu kumweleza mtu maumivu ambayo hayana uvimbe wala joto. Upepo wa kukaa nyuma ya bodaboda uliyaleta. Kutafuna kuliyaleta, hivyo nikala uji na ugali laini, na matobolwa, yale matamu ya viazi vikavu niliyokulia, nikayaacha. Kucheka kuliyaleta. Nilijifunza kuongea kwa upande mmoja wa mdomo, kuosha uso kwa vidole bila kuugusa upande wa kushoto, kujifunika khanga hadi chini ya macho hata wakati wa jua kali. Wateja walidhani ninaficha ubaya wangu. Nilikuwa ninazuia upepo.

Na kile kilichoisha chini ya ngozi hakikuacha mto wowote wa kuzuia maumivu. Hapo nilipokuwa nimekonda zaidi ndipo palipouma zaidi. Nilikuwa nikijiuliza mchezo gani huu, kwamba nyama inaondoka na maumivu yanabaki.

Mume wangu alikuja dukani kwa mama mdogo kuwekewa viraka kwenye ovaroli. Alikuwa mchimbaji, mzaliwa wa Kigoma, amezunguka machimbo yote ya ukanda ule hadi Geita. Aliniona nimeshika shavu, nimefumba macho, nangoja umeme upite. Watu wengine wakiniona hivyo huangalia pembeni, au husema pole wakiwa tayari wanaondoka. Yeye alingoja. Nilipofumbua macho akauliza, "Upande gani unauma, nisimame upande mwingine?"

Mama mdogo alinionya kwamba wachimbaji wana wanawake kila mwalo wanaposafishia dhahabu. Labda wana. Wangu alinioa kwa baba yangu, mbele ya ng'ombe na watu, na baba mkubwa akiwa amekaa palepale kwenye viti.

Tukahamia Geita, kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo ambapo nyumba zilijengwa haraka na vumbi lilikuwa jeupe kama unga. Karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilinguruma mchana kutwa, na mtetemo wake niliusikia kwenye taya. Nilishonea wachimbaji na wake zao. Waliniita Mama Cherehani, na hakuna aliyejali sana uso wangu, kwa kuwa kijiji kile kilikuwa na watu wengi waliokosa kidole, jicho au mguu. Pale nilipumua kidogo.

Kisha nikajifungua mtoto wa kike. Ningesema hiyo ndiyo furaha yangu kubwa, na ni kweli, lakini furaha hiyo ilikuja na sharti. Mtoto akiwa bado mchanga, nilianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa. Kovu lipo. Mtoto alikuwa amelala chumbani, hakuguswa. Mume wangu aliporudi kutoka duarani, ndani ya mashimo, na kuona mkono wangu, alisema taratibu, "Mke wangu, naomba usimbebe mgongoni."

Hakuniamrisha. Aliniomba. Na mimi nilijua ana haki. Tangu siku hiyo sikumbeba mwanangu mgongoni. Nilimnyonyesha nimekaa mkekani, nikiwa na mto kila upande, na akitaka kutembezwa, jirani alimfunga mgongoni kwake wakaenda sokoni, mimi nikabaki mlangoni. Mwanamke wa kwetu asiyembeba mtoto wake mgongoni ni kama nani? Watu walidhani ninajidai. Wengine walidhani simpendi. Nilikuwa nausikia ule uzito mgongoni, uzito ambao sikuupata, zaidi ya nilivyosikia maumivu ya uso.

Ni kwa sababu ya mtoto tulikwenda hospitali kubwa. Mume wangu alisema hatutarudi tena kung'oa meno. Hospitali ya wilaya ilitupeleka Mwanza, na huko nikalazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, nikakutana na daktari mwanamke, mtu mzima, aliyeniangalia uso mzima bila haraka. Akapitisha kidole kwenye paji langu, palepale alipopitisha mama.

"Ulianza ukiwa na umri gani?"

Nikamweleza. Naye akanieleza kwa Kiswahili chepesi. Alisema ni ugonjwa wa nadra, una jina refu la kizungu. Upande mmoja wa uso hupungua, mafuta ya chini ya ngozi, nyama, wakati mwingine na mfupa. Kwa wagonjwa wengine huingia hadi kwenye ubongo upande uleule, ndiyo maana ya kifafa. Na mshipa wa fahamu wa uso hukasirika, ndiyo maana ya ule umeme. Alisema vitu vitatu nilivyodhani ni mikosi mitatu ni kitu kimoja. Alisema kuna kidonge kinachoweza kupunguza kifafa na umeme kwa pamoja. Alisema pia kwamba mara nyingi ugonjwa husimama wenyewe baada ya miaka, ila kilichoondoka hakirudi.

"Daktari," nikamuuliza, "kuna mtu anaweza kumfanyia mwenzake ugonjwa huu?"

Aliniangalia, akaacha kuandika. "Walimsema nani?"

Sikutegemea aulize hivyo. Nikashindwa kujibu, kwa sababu nilitaka kulia, na kulia kunaleta umeme. Mume wangu akajibu kwa niaba yangu. "Bibi yake. Bado yuko hai. Yuko mbali."

Nikamwomba daktari azungumze na baba yangu. Nilidhani atakataa, foleni ilikuwa imejaa hadi nje. Akasema piga. Nikampigia baba, nikaweka spika. Baada ya shikamoo na marahaba, daktari alimweleza yote aliyonieleza. Baba alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti yake ya upole, "Na chanzo chake ni nini, daktari?"

"Chanzo hatukijui, mzee."

"Sasa kama hamkijui, mnajuaje si mtu?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilijua baba hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza swali ambalo lilimlaza macho miaka yote ile, na alitaka mtu amtolee jibu lenye uzito.

Daktari akasema, "Mzee wangu, ugonjwa huu upo Ulaya, upo Uhindi, upo kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la kijiji chako. Mama yako angewafikiaje wote hao?"

Kwenye simu tulisikia kuku wa nyumbani kwetu. Kisha baba akasema, "Wabeja, daktari. Ahsante. Nitakwenda kumwambia mama."

Tulikwenda wote, baba, mimi na mwanangu, msimu wa kukausha tumbaku. Mji wa mdogo wake bibi ulikuwa na mabani ya udongo ya kukaushia tumbaku, yanayotoa moshi, na harufu ile nzito iliingia hadi kwenye nguo. Bibi alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, anachambua majani. Macho yake yalikuwa karibu yamekwisha. Nilipomwamkia alinyoosha mkono, akanigusa uso, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto kwa wepesi kabisa, kama mtu anayegusa yai lenye ufa.

"Umekonda hapa," akasema.

Baba alipiga magoti mbele yake. Sikuwahi kumwona baba akipiga magoti nje ya kanisa. Akamweleza mambo ya daktari, tangu mwanzo hadi mwisho, picha ya ubongo, mshipa wa fahamu, Ulaya na Uhindi. Bibi alimsikiliza, vidole vinaendelea na tumbaku.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama."

"Mwanangu, umesafiri hadi huku kuja kuniambia jambo ninalolijua?"

Baba akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mjomba wake na watu wake. Bibi alimwacha alie. Halafu akauliza kama tumekula. Baba alipomwomba arudi Didia, alisema miguu yake imeshazoea ardhi hii. "Hapa hakuna aliyewahi kuniogopa," alisema. "Mnizike hapahapa." Alisema bila chuki, na hilo liliuma zaidi ya chuki. Alimchukua mwanangu, akamfunga mgongoni kwake, pale pale alipokaa, akawa anamyumbisha taratibu. Nilitazama nikaridhika, na nikamwonea bibi wivu.

Alifariki mvua zilipoanza. Tukamzika huko, kama alivyosema. Baba mkubwa alikuja. Alikuwa amezeeka, amekuja kwa basi kutoka Didia na jembe lake mwenyewe. Alisimama mbali na kaburi hadi wakati wa kufukia, ndipo akasogea, akaanza kusukuma udongo. Baba alimtazama. Hakumzuia, wala hakumpa mkono. Walifukia kaburi la mwanamke yule wakiwa pande mbili.

Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti, kama inavyopasa. Mimi nilikaa katikati yao, uso nimeukaza kama jiwe. Kidonge kilikuwa kimenisaidia sana kwa kifafa, na umeme kilikuwa kimeupunguza, ila kilio bado kiliuita. Machozi yakiteremka shavu la kushoto, ngozi ile ikitetemeka kidogo tu, waya unawaka. Nilijaribu mara moja, kaburi lilipoanza kujaa, nikapigwa hadi nikashika ardhi. Nikanyamaza. Nyuma yangu nikamsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mjukuu. Tazama, hata chozi hana."

Sikugeuka. Ningemwambia nini?

Sasa tumerudi Nyasubi, mume wangu ameacha mashimo na anaendesha bajaji, mimi nina cherehani yangu. Daktari anasema ugonjwa umesimama. Uso umebaki ulivyobaki. Muda mrefu umepita sijaanguka, lakini dawa sijaacha, na msimu wa upepo bado najifunga khanga. Mwanangu anasoma, ni mrefu, uso wake umejaa pande zote mbili, na mimi kila ninapomsuka namtazama paji la uso kabla ya kitu kingine. Daktari aliniambia ugonjwa huu kwa kawaida haurithiwi. Namtazama hivyohivyo.